Nina kilo 118 na spoki za nyuma haziishi kukatika: ninunue magurudumu gani?

Swali la msomaji wa Moshi:

"Shikamoo fundi. Nina miaka 44 na kilo 118. Mwaka jana nilinunua baiskeli ya milimani ya inchi 29, breki za diski, gia saba nyuma za friwili, spoki 32 kila gurudumu. Kila Jumamosi napanda Uru au Kibosho na kushuka kwa njia za vumbi na mawe, jumla kama kilomita 40. Toka Januari zimekatika spoki saba, zote za nyuma: tano upande wa diski, mbili upande wa gia. Ekseli nayo imeshapinda mara moja. Fundi wa hapa mtaani anabadilisha spoki moja moja, na sasa amenipa fungu la spoki za akiba nitembee nazo. Dukani wananishauri ninunue magurudumu ya kaboni, rafiki yangu anasema nirudi kwenye inchi 26, na shemeji yangu anasema nipungue kwanza ndipo nipande baiskeli. Nina laki sita. Nifanye nini?"

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na shemeji kwa kuwa jibu lake ni fupi. Kupungua au kutopungua ni shauri lako na daktari wako. Kazi ya gurudumu ni kumbeba mwenye baiskeli kama alivyoamka leo, na kilo 118 si uzito wa kulishinda gurudumu. Simama alfajiri kwenye njia yoyote wanayoingilia wauza mkaa mjini, utamwona mtu anateremka na Phoenix yake, magunia mawili ya mkaa kwenye keria, la tatu limelazwa juu, na yeye mwenyewe amejibana mbele. Mzigo ule na mwenyewe wanakupita wewe na baiskeli yako kwa mbali, tena rimu zake ni za chuma cha kawaida. Mbona yeye hakatikiwi na spoki kila Jumamosi?

Nenda ukazihesabu. Mbele utakuta 32, nyuma 40. Huo ni mpangilio wa zamani wa baiskeli za Kiingereza ambao Wachina na Wahindi waliurithi, na aliyeupanga alijua mzigo unakaa wapi. Kisha chungulia habu yake ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu kinachozunguka kwenye ekseli. Haina msururu wa gia, ina sproketi moja tu, kwa hiyo yale masikio mawili ya habu yenye matundu ya spoki yamekaa karibu umbali sawa kutoka katikati ya rimu, kulia na kushoto. Spoki za pande zote mbili zinavutwa kwa nguvu inayokaribiana.

Habu yako haiko hivyo. Gia zimekula nafasi upande wa kulia, sikio la kulia likasogezwa ndani. Ili rimu ibaki katikati ya fremu, spoki za kulia zimebidi zivutwe sana na za kushoto zikaachwa na mkazo mdogo. Kwenye magurudumu mengi ya gia, kushoto hubaki na nusu ya mkazo wa kulia, au nusu na kidogo. Liweke hilo kichwani, maana spoki zako tano kati ya saba zimekatikia kushoto.

Wengi hudhani spoki hukatika kwa kuelemewa, kama kamba ya kisimani inavyokatika kwa ndoo nzito. Sivyo. Spoki moja nzuri ya milimita 2 huvuta zaidi ya kilo 200 kabla haijakatika. Kinachoiua ni kukazwa na kulegezwa, kukazwa na kulegezwa. Baiskeli ikisimama, spoki zilizo chini, karibu na ardhi, hupoteza sehemu ya mkazo wake, na zikishapita chini huurudisha. Gurudumu lako likizunguka mara moja limekwenda kama mita 2.3, kwa hiyo kilomita moja ni mizunguko kama 435. Jumamosi moja ya kilomita 40 kila spoki imelegezwa na kukazwa mara 17,400, bado hujahesabu mawe.

Chukua kipande cha waya ukikunje na kukikunjua. Mara chache tu na kinakatikia mkononi bila hata kutumia nguvu. Spoki hufa kifo hichohicho, ila polepole. Ikiwa imekazwa vya kutosha, kila inapopita chini mkazo unapungua lakini haufiki sifuri, spoki inabaki imetulia kwenye tundu lake. Ikiwa legevu, unafika sifuri, spoki inacheza tunduni, kiwiko chake kinapindwa kidogo, halafu inavutwa ghafla. Ndiyo maana upande wenye kazi nyepesi ndio unaokatika kwanza, jambo ambalo hata mafundi wenye mvi huwa hawalikubali mpaka walione.

Kama hukuzitupa zile saba, chukua moja uisogeze kwenye jua, uitazame pale ilipokatikia. Nina hakika nyingi zimekatikia kwenye kiwiko, pale spoki inapopinda kuingia kwenye sikio la habu. Utaona uso wa ule mkato una sehemu mbili. Moja ni laini, imefifia rangi, wakati mwingine ina kutu kidogo. Nyingine ni ya kukwaruza na inang'aa kama chumvi. Ile laini ni ufa uliokuwa ukitembea wiki na wiki wewe ukiendesha bila habari. Ile inayong'aa ni kipande kilichobaki kikishikilia peke yake mpaka siku ile kiliposhindwa. Kwa hiyo jiwe la Kibosho unalolilaumu lilikuta maiti.

Hapo utaona kwa nini kubadilisha moja moja hakukusaidii. Spoki zote 32 zilianza kazi siku moja na zimezunguka mara zilezile. Saba zimekufa, ishirini na tano zina nyufa zinazotembea. Kanuni yangu ni kwamba ikikatika moja, badilisha. Ikikatika ya pili, anza kutafuta pesa. Ikikatika ya tatu kwenye gurudumu lilelile, vua zote. Wewe umefika saba.

Na kama ungekuwa na tatizo la spoki peke yake ningekwambia ununue spoki mpya, ulisuke upya gurudumu hilohilo, tumalize. Ekseli iliyopinda ndiyo inayonifanya nikwambie habu nayo iende.

Kwenye habu ya friwili, gia zinafungwa kwa nyuzi juu ya mwili wa habu, na gololi za upande wa kulia zimekaa ndani, nyuma ya friwili yote. Kutoka kwenye hizo gololi hadi kwenye fremu, ekseli inatembea sentimita kadhaa ikiwa haijashikwa na kitu. Ni kama kubeba ndoo ya maji umenyoosha mkono. Ndoo ni ileile, ila bega lazima lilie. Habu ya kaseti imepanga mambo kwa namna nyingine. Utaratibu unaoliacha gurudumu lizunguke huku pedali zimetulia ni sehemu ya habu yenyewe, na gololi za kulia zimepelekwa nje kabisa, chini ya sproketi ndogo, hatua moja kutoka kwenye fremu. Ekseli haina pa kupindia. Kwa mtu mwenye kilo zako hii si anasa, na ukiniuliza kitu kimoja cha kubadilisha kwenye baiskeli yako, ni hiki.

Ukitaka kuhakikisha kama ekseli uliyonayo sasa nayo imeanza kupinda, mwambie fundi aichomoe, aiviringishe juu ya kioo cha meza. Iliyonyooka inateleza kimya. Iliyopinda inagonga, na mwanga unapita chini yake katikati kisha unaziba.

Habu ninayowapa watu wa uzito wako ni Shimano Deore ya M525, ya matundu 36, diski ya skrubu sita, upana wa milimita 135 unaoingia kwenye fremu nyingi za aina yako. Silipwi na mtu kusema hivyo. Ninaipenda kwa sababu ni ya gololi na koni: kila upande zinaingia gololi tisa za robo inchi, ambazo zinauzwa kila mahali, na fundi yeyote wa Moshi mwenye spana nyembamba za koni na grisi anaweza kuifungua, kuisafisha na kuirudisha. Habu nyingi za bei kubwa zinatumia beringi za kubana, nzuri kweli, mpaka siku utakapotafuta beringi ya namba ile Jumamosi mchana.

Kabla hujalipa, pima mambo mawili. Weka rula ndani ya fremu kati ya pale ekseli inapokalia kulia na kushoto: lazima iwe 135. Kisha tazama diski yako ya nyuma: kama imeshikwa na skrubu sita, sawa, kama imefungwa na nati moja kubwa ya meno katikati, tafuta habu ya namna hiyo. Kuhusu gia, usiogope kubadilisha kila kitu. Kaseti ya gia saba inaingia kwenye habu ya gia nane au tisa ukitanguliza pete ya milimita 4.5 nyuma yake, na kishikio chako cha gia kinabaki kilekile.

Faida nyingine ya kaseti utaigundua siku spoki ya kulia itakapokatika. Kwenye friwili huwezi kuingiza spoki ya kulia bila kuifungua friwili yenyewe, na friwili iliyokanyagwa mwaka mzima na mtu wa kilo 118 imejikaza kama imechomelewa. Nimeona zikifunguliwa kwa patasi na nyundo. Sishangai, kwa hiyo, kama zile mbili za kulia ziliingizwa kwa kupindishwa ili zipenye. Spoki iliyopindishwa hivyo imeshajeruhiwa kabla ya safari yake ya kwanza.

Sasa rimu. Vua tairi na tyubu, toa na ule mkanda wa ndani. Ukiona vichwa vya nipeli, zile nati ndogo zinazoshika spoki kwenye rimu, hapohapo juu, unaweza kuvigusa na kucha, rimu yako ni ya ukuta mmoja, itupe. Ukiona matundu, na nipeli zimejificha chini ndani yake, ni ya kuta mbili, na hiyo ndiyo ya kubebea watu kama wewe. Ile ya kuta mbili ni kisanduku: ikipigwa na jiwe inagawana pigo juu na chini, na inashirikisha spoki nyingi zaidi kwa wakati mmoja. Ya ukuta mmoja inabonyea pale pale ilipopigwa na kuwaachia shida spoki mbili tatu za karibu.

Upana wa ndani wa milimita 25 hadi 30 unakutosha kwa matairi ya milimani. Jina nitakutajia mawili tu. Andra 40 ya Ryde, kampuni ya Uholanzi, hufungwa na watu wanaosafiri na mizigo mizito. Cliffhanger ya Velocity ya Marekani ni ya jamii hiyohiyo. Zote ni nzito ukizishika mkononi, na hiyo si kasoro kwako. Gramu 150 za ziada kwenye rimu ya mtu wa kilo 70 anayeshindana ni jambo la kujadili. Kwako ni glasi ya maji. Usimruhusu muuzaji akuuzie wepesi. Ukikuta rimu ambazo matundu yake yametobolewa pembeni kidogo ya katikati, usidhani ni makosa ya kiwanda; zimefanywa hivyo makusudi ili kupunguza ile tofauti ya mkazo kati ya kulia na kushoto niliyokueleza, na kwa gurudumu la nyuma ni jambo jema sana, mradi msukaji asizigeuze upande.

Angalia pia uzito wa mfumo, ambao watengenezaji wengi wa rimu na magurudumu sasa wanauandika. Si uzito wako peke yako. Ni wewe, baiskeli, maji, begi na ndizi ulizobeba kutoka Uru. Kwako ni 118, ongeza baiskeli kama 15, ongeza tano za vikorokoro: 138. Gurudumu lililoandikwa mwisho kilo 120 si lako hata likiwa na punguzo la nusu bei. Na kati ya hizo 138, sehemu kubwa, tuseme sita katika kila kumi, imekalia gurudumu la nyuma. Ndiyo sababu sitakugharimu ununue la mbele. La mbele lipelekwe likakazwe tu, litaishi.

Kwa nini 36 na siyo 32? Kwa sababu mzigo uleule ukigawanywa kwa wengi kila mmoja analegea kidogo, na kulegea ndiko kunakoua. Hata hivyo, nikilazimishwa kuchagua kati ya 36 zilizofungwa ovyo na 32 zilizosukwa na mtu anayejua, nitachukua 32 bila kufikiri mara mbili. Miaka kadhaa nyuma nilimfungia mteja mmoja, bwana mkubwa kama wewe, magurudumu mapya kabisa ya dukani, 36 nyuma, yaliyosukwa na mashine. Sikuyagusa, niliamini ile plastiki ya kiwandani iliyoyafunga. Wiki ya tatu akarudi na spoki mbili mkononi na uso ambao sitausahau. Nilipozigonga zile spoki kwa kucha, nyingine zililia, nyingine zilikuwa kimya kama kamba ya kuanikia nguo. Siku hizi hakuna gurudumu linalotoka kwangu, la kiwandani wala la mkono, kabla sijalikaza upya.

Spoki zenyewe chagua za chuma kisichoshika kutu, nene miishoni na nyembamba katikati: milimita 2.0 kwenye kiwiko, 1.8 katikati, 2.0 tena kwenye nyuzi. DT Swiss wanaziita Competition, Sapim wanaziita Race. Najua utauliza: mtu mzito unampaje spoki nyembamba? Fikiria manati. Mpira mrefu laini unavutika na kurudi, kwa hiyo hata mkono ukitetereka kidogo bado umekaza. Waya mnene mgumu ukilegezwa nusu milimita tu umeshakuwa legevu. Sehemu ile nyembamba ya katikati ndiyo inayovutika, kiwiko kinapumzika. Kwa upande wa kulia, ukipata zilizonenepeshwa zaidi kwenye kiwiko, kama Alpine III ya DT Swiss yenye 2.34 pale kiwikoni, weka hizo. Nipeli ziwe za shaba, si za alumini. Za alumini ni nyepesi na zina rangi nzuri, lakini kwa vumbi na jasho la huku kwetu zinagandia kwenye spoki, na siku ya kukaza zinapasuka kichwa.

Kusuka. Hapa ndipo ningependa pesa yako nyingi iende, na ndipo Watanzania tunapobana senti. Spoki zisukwe kwa mtindo wa kupishana mara tatu, kila moja ikivuka wenzake tatu kati ya habu na rimu. Baada ya kusuka, kabla ya kukaza kwa mwisho, fundi apite na kidole gumba akikandamiza kila kiwiko kilale kwenye sikio la habu. Akaze kidogo kidogo, duru nzima, akirudia. Kila akizungusha nipeli, apitilize kidogo kisha arudi nyuma kiasi hichohicho, maana spoki nyembamba hujisokota pamoja na nipeli badala ya kukazika, na ukiondoka nayo imejisokota, kwenye mita mia za kwanza inajifungua ikilia tik, tik, na gurudumu limeshayumba.

Kisha kuna hatua ambayo ukimwona fundi anaifanya ujue umefika kwa mwenyewe. Anashika spoki mbili zinazokwenda sambamba upande mmoja, mkono mwingine mbili za upande wa pili, na anazibana pamoja kwa nguvu zote mpaka mishipa inamtoka. Anasogea, anabana nyingine, hadi amelizunguka gurudumu lote. Si mbwembwe. Anavivuta viwiko kupita kiwango vitakachokutana nacho barabarani, ili chuma kilichokuwa na ukakasi pale kwenye kona kikubali umbo lake moja kwa moja. Baada ya hapo gurudumu hulegea kidogo na kupinda kidogo. Analinyoosha, anabana tena, mpaka lisibadilike.

Mkazo wa kulia ufike kilo 110 hadi 120 kwa kipimo cha mkazo wa spoki. Park Tool wanatengeneza kimoja, TM-1, ambacho mafundi wengi wanakitumia. Kushoto kutakuwa chini yake na hakuna la kufanya, ilimradi spoki za kushoto ziwe sawa zenyewe kwa zenyewe. Kama fundi hana kipimo, masikio yanasaidia: gonga kila spoki ya upande mmoja kama unavyogonga uzi wa zeze. Zilie sauti moja. Inayolia nzito kuliko wenzake imelegea, inayolia nyembamba imezidi.

Na isizidi kweli. Zamani, nilipogundua kuwa ulegevu ndio adui, nilikimbilia upande wa pili na kukaza magurudumu mpaka nipeli zinalia. Rimu mbili za wateja zilipasuka kuzunguka matundu, nyufa ndogo kama miguu ya buibui, na nililipa zote mbili mfukoni mwangu. Rimu mpya zinakuja na kiwango cha juu cha mkazo kilichoandikwa. Kikiwepo, hicho ndicho cha kufuata, si maneno yangu.

Baada ya kilomita mia moja za kwanza rudi kwa aliyekusukia alipitie tena. Ni robo saa ya kazi. Ukilikimbia hilo umetupa nusu ya ulicholipia.

Matairi nayataja kwa haraka ila usiyapuuze, kwa sababu tairi ndilo springi ya kwanza ya gurudumu. Kama fremu yako inaruhusu, weka tairi la upana wa inchi 2.4 nyuma. Kwa uzito wako na tyubu ya ndani ningeanza na upepo wa psi 38 nyuma na 32 mbele, kisha nipande au kushuka mbili mbili kutegemea njia. Ukipata pancha yenye matundu mawili yamekaa sambamba kama meno ya nyoka, upepo ulikuwa mdogo na rimu imeshagonga jiwe. Kubonyeza tairi kwa kidole gumba na kusema "limejaa" ni kubahatisha. Nunua kipimo cha upepo.

Na kuna namna ya kuendesha. Najua zile njia za Uru zinazokatwa na mifereji ya kumwagilia migomba. Mtu mzito aliyechoka huuona mfereji, anabaki amekaa kwenye kiti, gurudumu la mbele linapita, la nyuma linapokea kilo zote kwa mkupuo. Inuka. Pedali zikae sawa kwa sawa, magoti yakunje, acha baiskeli ipande na kushuka chini yako. Miguu yako ni springi bora kuliko chochote ninachoweza kukuuzia, na hapa sikulaumu uzito, nalaumu uvivu, ambao na mimi ninao nikiwa njiani kurudi nyumbani.

Hayo mengine mawili. Kaboni iache. Rimu nzuri ya kaboni ina nguvu, hilo sikatai, lakini zilizo nzuri haziuzwi kwa laki sita, na zinazouzwa bei hiyo sitazipanda. Tena alumini ikigongwa inabonyea na fundi anaweza kuinyoosha ukafika nyumbani. Kaboni ikipasuka imepasuka. Inchi 26 ni kweli ni imara zaidi kwa kipimo, kwa kuwa spoki ni fupi na rimu ni ndogo, ila kuichomeka kwenye fremu ya 29 kunaishusha baiskeli yote, na pedali zitakuwa zinagonga mawe. Rafiki yako ana hoja, hana baiskeli ya kuiweka.

Laki sita haitatosha magurudumu mawili ya namna hii, lakini hatununui mawili. Weka kwenye gurudumu la nyuma peke yake: habu, rimu, spoki 36, nipeli za shaba, kaseti, na malipo ya fundi yasiwe ya kuombaomba. Nunua rimu na habu kwanza. Spoki zinunuliwe mwisho, baada ya fundi kuvipima vyote viwili mkononi, kwa sababu spoki za kulia na kushoto hazina urefu mmoja, na tofauti ya milimita mbili tatu inatosha kufanya nyuzi zisishike sawasawa ndani ya nipeli.

Ndiyo maana lile fungu la akiba ulilopewa halitakufaa tena, urefu wake ni wa gurudumu tunalolitupa. Ungekuwa na zile za chuma kisichoshika kutu ningesema wape wachoma mishikaki wa stendi, wanazipenda. Lakini za namna hiyo mara nyingi zimepakwa zinki, na zinki haifai kukaa juu ya mkaa na nyama ya kuliwa. Zipeleke kwenye vyuma chakavu pamoja na ile ekseli.